Kwa Nini Hoja Haifungwi Mkono Ukiwa Juu

Karibuni, nyote mnaoingia leo katika Umoja wetu wa Warina Asali. Asiyesikia akae mbele aione mikono, anayesikia akae popote apendapo. Baadaye mtapewa majina yenu ya kuingilia Jamvini, mahali petu pa kuandikiana, na mtaona kwamba mtu akianza kuandika, kando ya jina lake huchomoza kimkono kilichoinuliwa. Mtaona pia kwamba mkono huo ukiwa juu hakuna hoja inayofungwa, hata mwenyekiti abonyeze mpaka kidole kiote sugu. Vijana wengi huuliza kwa nini, na wengine hulalamika. Nitawaeleza, maana haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Zamani, kabla ya Jamvi, mkutano wa Warina Asali wa Itumba ulikuwa wa miguu. Watu walitoka Kaselya, Ugunda na Nyahwa, wakakata pori la miombo mpaka Mwitungu, wakakaa chini na kusemezana uso kwa uso. Aliyekuwa na mguu mbovu, au mgonjwa nyumbani, au aliyezuiwa na mto uliofurika, huyo alisimuliwa tu yaliyoamuliwa. Baadaye zikaja redio za upepo. Kila kijiji kilipata redio yake, mtu akasema maneno yake, akamalizia na "ova", na mwenzake wa mbali akajibu. Tukajiona tumefika. Lakini redio ni sauti tu, na katika Umoja walikuwemo watu ambao sauti haikuwafaa kitu.

Mmoja wao alikuwa Nyamizi Kasanda wa Kaselya. Surua ilimchukua masikio akiwa bado ananyonya. Alikua, akaolewa, akafiwa na mume, na mizinga ya marehemu akaichukua yeye. Watu walipomwambia kwamba kurina ni kazi ya wanaume, aliwatazama midomo ikicheza, akafunga kamba yake, akapanda mti. Mizinga yake ilining'inia ndani kabisa ya msitu wa Itumba, kwenye mininga mikubwa upande wa mawio. Aliweka kiganja juu ya gome la mzinga, akajua kama nyuki wametulia au wana hasira, kisha ndipo akapuliza moshi.

Alikuwa na mdogo wake, Wande. Tangu utotoni wale wawili walitunga lugha yao ya mikono, wakaipanua mwaka hadi mwaka mpaka hapakuwa na jambo wasiloweza kuambiana. Mkutanoni Wande alikaa kando ya dada yake, akaitazama mikono, akasema kwa sauti. Kwenye redio pia alisema yeye. Na watu wote wa Itumba walimpenda Nyamizi. Walimwita yule mama mpole. Kila aliposema, ilikuwa ni kushukuru, au kuunga mkono, au kuomba jambo dogo kwa unyenyekevu.

Siku moja akafika mwalimu kutoka chuo cha ufundi, jina lake Delfina Mtweve, mwanamke mrefu aliyependa kucheka. Alikuja na kompyuta zilizokwisha kutumika mahali pengine, akaziwekea betri na sola, akaziunganisha na zile redio zetu, moja kwa kila kijiji. Ndani yake alitia programu aliyoitunga mwenyewe, akaiita Jamvi, kwa sababu alitaka wote wakae pamoja ingawa wametengana. Mtu aliandika maneno yake, akabonyeza, na maneno yakapita redioni yakatokea kwenye vioo vya vijiji vyote, jina la mwandishi likiwa mbele. Hapakuwa na haja tena ya sikio wala ya ova.

Nyamizi alijua kusoma. Wande alipokuwa shuleni alirudi kila jioni na herufi chache, akamgawia. Lakini kuandika kulimchukua muda, kwa kuwa lugha ya mikono ina mpangilio wake na Kiswahili kina wake, naye aliyapima maneno moja moja kabla ya kuyaacha yaende. Siku ya kwanza aliandika: "Mimi Nyamizi. Nipo." Akabonyeza. Majibu yakaanza kushuka kwenye kioo, kutoka Ugunda, kutoka Nyahwa, kutoka Mwitungu. Karibu Nyamizi. Karibu mama. Habari za nyuki? Alisimama, akaigusa meza kwa viganja vyote viwili kama anavyogusa mzinga, akakaa tena. Wande alikuwa nyuma yake, na mikono ya Wande siku hiyo haikuwa na la kufanya.

Hazikupita siku nyingi Nyamizi akaandika jambo lililowashtua watu. Alimwandikia mwenyekiti, Bwana Anseli Kapufi: "Mwenyekiti, ndoo ulizotuletea zinavuja. Nimekuambia mara nyingi. Unafanya nini?"

Kapufi alikuwa mtu mwepesi, mwepesi wa kutembea na mwepesi wa kuandika. Alijibu papo hapo: "Dada Nyamizi, hujawahi kuniambia. Wewe ulinishukuru kwa ndoo."

Nyamizi akageuka akamtazama mdogo wake. Wande akainamisha macho.

Kisha ndipo ikajulikana. Mikono ya Nyamizi iliposema ndoo zinavuja, mdomo wa Wande ulisema dada yangu anashukuru. Iliposema mwenyekiti anatuburuza, mdomo ulisema anaunga mkono hoja. Aliyekuwa mpole alikuwa Wande. Nyamizi hakuwa mpole hata kidogo.

"Niliogopa watakuchukia," Wande alimwambia kwa mikono, machozi yakimtoka. "Wewe huzioni sura zao mimi ninapoanza kusema. Macho yako yanakuwa kwangu."

Nyamizi akamjibu: "Bora wanichukie mimi. Kuliko kumpenda mtu ambaye hayupo."

Kwa muda mrefu baada ya siku hiyo hawakusemezana. Walilala nyumba moja, wakala chungu kimoja, na mikono yao ilikaa kimya.

Lakini Jamvini Nyamizi aliendelea. Aliuliza maswali. Alimpinga mwenyekiti, akampinga katibu, akawapinga hata watu wa kijiji chake. Wengine walichukia, kama Wande alivyohofia. Wengine walianza kusubiri maneno yake, kwa sababu yalikuwa machache na hayakuzunguka. Ila jambo moja lilikuwa gumu kwake. Jamvi la siku zile halikuonyesha mtu anayeandika. Ulikaa mbele ya kibodi ukihangaika na neno lako, na wenzako wa vijiji vingine hawakujua lolote. Kwao ulikuwa kimya. Mara nyingi Nyamizi alipobonyeza, mazungumzo yalikuwa yamekwisha kuhamia kwingine, na maneno yake yakatua katikati ya mambo mengine kama mgeni aliyekosea mlango.

Na mikutano ya Jamvini ilirefuka. Hilo nalo ni kweli, nisimwonee mtu. Hoja ya kununua nguo za kurinia iliandikwa na kuandikwa, huyu akirudia ya yule, mpaka msimu wa asali ukapita na nguo hazijanunuliwa. Kapufi akamwomba Mwalimu Delfina aongeze ufunguo wa mwenyekiti. Akiubonyeza, hoja inafungwa, hakuna neno linaloingia tena. Akaomba na jambo la pili, kwamba asiyeandika kitu mpaka hoja ifungwe ahesabiwe amekubali. Watu walikuwa wamechoka. Wakasema sawa. Delfina akaongeza vyote viwili, akarudi chuoni kwake. Na kwa kweli mambo yakaanza kwenda mbio. Ndoo nzima zikaja, nguo zikaja, Kapufi akasifiwa.

Ndipo likaja suala la msitu.

Kulikuwa na kampuni ya mbao kutoka mbali iliyoutaka Itumba. Ilimwahidi Kapufi barabara ya kupitika masika na kiangazi, na ghala jipya Mwitungu. Sisemi kwamba alihongwa, maana hakuna aliyeona hivyo. Nadhani aliiona ile barabara machoni pake, akaona malori ya asali yanakwenda mjini bila kukwama, akaona jina lake likitajwa. Alileta hoja Jamvini asubuhi, siku ya soko, vijiji vikiwa nusu tupu. Aliandika kwamba Umoja uikubalie kampuni ivune miti ya Itumba, na mizinga ihamishiwe mapori mengine.

Nyamizi alikuwa mbele ya kioo cha Kaselya, kilichokuwa kimewekwa nyumbani kwao. Alisoma, akasoma tena. Akaanza kuandika. Hakutaka kuandika hasira peke yake, alitaka waelewe. Alitaka kuwaambia kwamba nyuki hawahamishwi kama viti. Kwamba mizinga kwenye mininga ile aliitundika mumewe, na kabla yake baba wa mumewe. Kwamba barabara itakayotoka katika msitu uliokatwa itabeba mbao mara moja, kisha haitabeba kitu. Aliandika neno, akalifuta, akaandika jingine. Kule Mwitungu watu wachache wenye mikono myepesi waliandika naam, naam, nakubali. Kapufi akauliza, "Kuna mwenye neno lingine?" Akangoja kidogo. Kwenye kioo chake palikuwa kimya.

Nyamizi alipobonyeza, maneno yake hayakwenda. Kwenye kioo yalitokea mengine: Hoja imefungwa. Waliokaa kimya wamekubali. Chini yake yakashuka majina ya waliokubali, na miongoni mwao alisoma: Nyamizi Kasanda, Kaselya.

Waliokuwepo wanasema hakulia. Alilitazama jina lake kwa muda, akainuka, akaenda mpaka jikoni alikokuwa Wande akichekecha unga. Akamshika mkono uliojaa unga na kumvuta mpaka kwenye kompyuta, akamwonyesha. Kisha mikono yake ikasema kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wao: "Nilikuwa naandika."

Wande akasoma. Akafuta mikono kwenye kanga. "Tufanye nini?" akauliza.

Hoja ya msitu ilikuwa imefungwa, lakini Jamvini kulikuwa na hoja nyingine zilizo wazi, hoja ndogondogo. Ilikuwepo moja ya mabomba ya moshi. Nyamizi akaingia humo, akaandika: "Nilikuwa naandika." Akabonyeza. Maneno yakaenda.

Kisha kutoka Nyahwa likaja neno la mzee mmoja aitwaye Mhozya, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa baridi yabisi: "Hata mimi nilikuwa naandika." Kutoka Ugunda mama mmoja akaandika kwamba alikuwa amekwenda kuteka maji, aliporudi akakuta amekubali. Kisha mwingine, na mwingine. Waliorudi sokoni wakapewa habari, wakaketi kwa zamu mbele ya vioo. Hoja ya mabomba ya moshi ikajaa kutoka juu hadi chini maneno hayo hayo: Nilikuwa naandika. Nilikuwa naandika. Hata watu ambao siku ile hawakuwa wakiandika waliandika hivyo, na sioni kosa lao.

Kapufi akaandika kuwasihi. "Ndugu zangu, hoja ikishafungwa imefungwa. Tuliweka kanuni wenyewe." Hawakumjibu ila kwa maneno yale yale. Akaifunga hoja ya mabomba. Wakahamia hoja ya nta. Akaifunga. Wakahamia ya mizani. Akazifunga zote, moja baada ya nyingine, mpaka Jamvi zima likawa milango iliyokomewa, na kwenye vioo vya vijiji vyote palikuwa na mstari mmoja tu: Waliokaa kimya wamekubali.

Wakati huo malori yalikuwa yamekwisha kuingia Itumba.

Nyamizi na Wande walikwenda kwa miguu. Kaselya nzima iliwafuata, wengine wakiwa na mapanga, na Nyamizi akawaambia wayaache nyumbani. Walipofika upande wa mawio walikuta miti imeanza kulala. Misumeno ya petroli ilikuwa ikinguruma kiasi kwamba hata wenye masikio hawakusikilizana, na kwa mara ya kwanza watu wote walikuwa sawa na Nyamizi. Yeye peke yake hakubabaika. Alipita katikati ya wakataji, akasimama mbele ya mninga uliokuwa ukifuata, akainua mkono wa kulia juu kabisa, kama mtu anayeomba nafasi ya kusema mkutanoni.

Msumeno ukazimwa. Msimamizi wa wakataji akaja mbio, mwanamume mnene mwenye kofia ya njano. "Mama, toka hapo! Unataka kufa?"

Nyamizi hakutoka wala hakushusha mkono.

"Huyu ana nini?" msimamizi akauliza. "Anataka nini?"

Watu wakamtazama Wande. Wande akaja akasimama mahali pa kuiona mikono ya dada yake. Nyamizi akasema kwa mkono mmoja, wa kushoto, ule wa kulia ukiwa bado juu. Na Wande, ambaye maisha yake yote alikuwa amelainisha kila neno, siku hiyo hakulainisha hata moja.

"Anasema hajamaliza kusema," Wande akasema kwa sauti kubwa.

"Kusema nini? Mmeshakubali nyinyi. Umoja wenu umekubali, mwenyekiti wenu ametuambia."

Wande akatafsiri kwa mikono. Nyamizi akajibu, na Wande akamtazama msimamizi machoni.

"Anasema mwenyekiti ni mwongo mkubwa. Anasema yeye ni mmoja wa hao mnaosema wamekubali, na hakukubali, wala hakubali, wala kesho hatakubali. Anasema mkate mti huu kama mnataka, lakini yeye hatoki mpaka amalize. Na anaandika polepole."

Baadhi ya wakataji wakacheka, si kwa dharau. Mmoja wao akakaa juu ya gogo. Watu wa Kaselya nao wakaanza kuinua mikono, mmoja mmoja, wakasimama kila mtu na mti wake. Mkono wa Nyamizi ulipoanza kuchoka Wande akaja akauegemeza kwa bega lake. Msimamizi akazunguka, akatukana kidogo, akanywa maji. Mwishoni akawaambia watu wake wapakie vifaa. "Mimi nimeajiriwa kukata miti," akasema, "sikuajiriwa kugombana na vijiji. Kamalizeni mambo yenu kwanza." Malori yakarudi barabarani yakangoja.

Miti iliyokuwa imekwisha kulala haikuinuka. Mkienda leo mtaona ile sehemu tupu upande wa mawio, majani marefu na visiki. Mingi ya mizinga ya mume wa Nyamizi ilikuwa hapo. Hakuna aliyeirudisha.

Ukaitishwa mkutano Mwitungu, wa ana kwa ana kama zamani, kwa kuwa Jamvi lilikuwa limefungwa lote. Mwalimu Delfina naye alikuja, hajaitwa na mtu. Kompyuta yake kule chuoni ilikuwa ikipokea kila kilichoandikwa Jamvini, naye alikuwa ameona yale maneno yakishuka kwenye kioo chake siku nzima. Alikaa nyuma, na siku hiyo hakucheka.

Kapufi alisimama akajitetea, na alijitetea vizuri. "Ndugu zangu," alisema, "mnakumbuka tulivyokuwa. Msimu unapita, sisi bado tunaandika. Mkaniambia niharakishe, nikaharakisha. Nilipouliza kama kuna mwenye neno, sikuona neno. Sasa mnataka nimngoje kila mtu? Nikimngoja kila mtu tutazeeka tunangoja. Niambieni, umoja gani duniani unamngoja kila mtu?"

Wengi walitikisa vichwa kukubali. Hata waliokuwa msituni waliona kuna ukweli.

Nyamizi akainuka. Wande akasimama kando yake, akatazama mikono, akasema neno kwa neno.

"Mwenyekiti anauliza umoja gani unamngoja kila mtu. Mimi nimewangoja nyinyi tangu nizaliwe. Nimekaa kwenye mikutano yenu mnacheka, sijui mnacheka nini, nangoja mmalize mdogo wangu aniambie. Nimekaa mbele ya redio yenu, nangoja. Msibani nangoja. Harusini nangoja. Sijazeeka kwa ajili hiyo, na sijafa. Sasa mnasema kuningoja mimi niandike maneno manne ni kazi kubwa mno. Basi mimi nasema, mtangoja. Siombi. Mtangoja kama nilivyongoja."

Mkutano ukawa kimya, na kimya kile hakuna aliyethubutu kukihesabu kuwa ni kukubali.

Mwalimu Delfina akaja mbele. Alisema hakuwa na maneno mengi, ila alikuwa na swali kwa Nyamizi. "Dada, pale msituni uliinua mkono wakakuona. Jamvini hakuna aliyekuona. Nikiweka mkono Jamvini, utatosha?"

Mikono ya Nyamizi ikajibu, na Wande akasema: "Utatosha kama hakuna anayeweza kuushusha isipokuwa mwenyewe."

"Hata mwenyekiti?"

"Hasa mwenyekiti."

Watu wakacheka, na kicheko kile Wande akakitafsiri pia, na sababu yake, ili dada yake asikingoje.

Delfina alikaa Mwitungu, katika ofisi ya Umoja, akaifungua programu yake na kuishona upya. Alitoa ile kanuni ya kimya. Akaweka mkono mdogo uliotokea kando ya jina la mtu mara tu kidole chake kilipogusa herufi ya kwanza, ukaonekana vijiji vyote. Na ule ufunguo wa mwenyekiti hakuutoa, kwa kuwa hoja lazima zifungwe siku moja, lakini aliufungamanisha na mkono. Mkono wowote ukiwa juu, ufunguo haugeuki. Katibu alimwomba aweke njia ya siri ya kuupita, kwa dharura tu. Delfina akamjibu kwamba dharura ya kwanza ndiyo hii hii wanayotoka kuponea.

Hoja ya msitu ikaletwa upya. Kapufi alikuwa ameshajiuzulu, akasema hatakaa Jamvini na watu waliomwita mwongo. Lakini siku ile, mikono ilipoanza kuchomoza kutoka Kaselya na Nyahwa na Ugunda, mmoja ulichomoza kando ya jina lake. Aliandika. Safari hii yeye aliyekuwa mwepesi akaandika polepole, akitetea barabara yake, na mkono wake ulikaa juu muda mrefu kuliko ya wengine. Watu wakanong'ona, wengine wakasema afungiwe. Nyamizi akaandika: "Acheni amalize." Wakangoja. Alipomaliza wakasoma yote, kisha wakamkatalia, na kampuni ikakataliwa, na malori yakaondoka. Mzee Mhozya ndiye aliyekuwa wa mwisho kuandika, kwa vile vidole vyake, na neno lake lilikuwa moja: "Hapana." Lilimchukua muda kuliandika, na hakuna aliyemharakisha.

Na tangu siku hiyo, Jamvini kwetu, mtu akianza kuandika mkono huinuka, na ukiwa juu hoja haifungwi. Kompyuta zile zimekwisha kufa, sasa Jamvi lipo katika simu zenu, na mkono umo. Tangu siku hiyo asiyeandika hahesabiwi kuwa amekubali, anahesabiwa kuwa hajasema. Tangu siku hiyo mikutano yetu ni mirefu, na tunachekwa kwa hilo. Aliwahi mtu wa Ugunda kusinzia kidole kikiwa juu ya herufi, Umoja mzima ukangoja mpaka mkewe alipomwamsha, na alipoamka aliulizwa kwanza kama ana neno. Wamekuja watu wenye programu za haraka kuliko hii, nzuri, za bure, wakatuambia tuhamie huko na kwamba mkono umepitwa na wakati. Tuliwasikiliza mpaka mwisho, kisha tukawakatalia.

Nyamizi amekwisha kutangulia, na Wande naye. Itumba ipo. Ninyi mnaoingia leo mtakuta hoja mbili ziko wazi, na katika moja kuna mkono uko juu tangu asubuhi. Sijui ni wa nani wala anaandika nini, huenda hata simpendi. Msimharakishe. Na siku mkono ukiwa wako, na wote wanakuangalia, na mtu anakuambia fanya haraka, usiushushe.